Kilopascal Mia Nane Ndani ya Mupira Mumoja

Leo nimepata haya mbele ya kijiji chetu chote cha Ngungu, na mama mukwe wangu akiwa mustari wa kwanza.

Vijana wetu walikuwa na mechi na wale wa Bweremana. Mupira wetu ulikuwa mupya, lakini laini kama bugali yenye maji mengi. Tukaupeleka kwa Papa Bahati, mwenye kujazaka upepo matairi ya pikipiki pembeni ya uwanja. Kwenye mupira waliandika bar 0,8. Mashini yake inaonyesha kilopascal. Papa Bahati akakuna kichwa. Bar 0,8 iko kilopascal ngapi?

Mimi nikafurahi kabisa. Muchumba wangu Neema alikuwa ametoka Bweremana pamoja na mama yake, na ilikuwa mara ya kwanza mama huyo kuniona. Nikapaza sauti (hakuna aliyeniuliza):

"Muniachie. Nilisomaka fizike. Bar moja iko elfu moja, basi yetu iko mia nane."

"Wewe njo ulisoma," Papa Bahati akasema, akawasha mashini.

Namba zikapanda. Mia. Mia mbili. Mupira ukaanza kutoa sauti ya ajabu.

Neema akanivuta shati. "Cheri, mupira iko inalia."

"Iko inajaa," nikamujibu (nikitabasamu kwa mama yake).

Ukapasuka.

Kwetu Masisi, kwa sababu ya vita, mulio kama ule hakuna anayeuliza ni wa nini. Uwanja muzima ukalala chini. Mimi sikulala. Mimi nilikimbia, nikaruka ua ya lupango, nikaanguka ndani ya maharagi ya watu. Ni pale, uso kwenye matope, akili ilinirudilia: elfu moja ni ya hectopascal. Kilopascal ni mia kwa bar moja. Tulihitaji makumi nane tu.

Nikainua kichwa. Papa Bahati, muzima, alikuwa ameshika kipande cha ngozi. Neema alikuwa pale pale nilipomuacha, amelalia mama yake ili amukinge. Mama akasimama, akapangusa liputa yake ya kitenge, akaniona kwenye maharagi.

"Neema, njo huyu muchumba wako?"

"Njo yeye, mama."

"Anajua kukimbia. Wamuweke mu timu."

Uwanja muzima ukacheka, mupaka golikipa wa wageni akakaa chini kwa kicheko.

Tulicheza na mupira wa Bweremana. Walitupiga nne kwa bila.

Tafazali, wenye kucheka mucheke leo mumalize. Kesho njo mimi nasoma Neno kanisani.