Dhahabu ya Mwalimu Boke

Jumatatu, 6 Juni 1994
Siku njema! Asubuhi, ukungu wa Busawe ungali umelala bondeni, Mwalimu Boke akatokea mlangoni kwangu. Nilidhani naota. Hakuja kwa mapenzi. Bado. Kaja na shairi alilomtungia mdogo wake, Ryoba, aliyefariki kwa malaria mwezi wa nne, hata mke hajaoa.

Jumamosi ni kuondoa matanga. Anataka nilisome, halafu nimweleze mama yake dhamira na taswira kwa Kikurya. Mwenyewe hawezi. Kila akifika mshororo wa pili analia. Mama Boke hajui Kiswahili. Siku ya mazishi, shairi liliposomwa, aliambulia neno moja tu, dhahabu, na tangu hapo anaamini walimsema mwanawe hadharani kuwa kafa kwa tamaa ya machimbo. Hatoki nje. Hali. Uji vijiko viwili, kisha anageukia ukuta. Boke anaogopa atamzika na yeye.

Nimekubali. Nani mwingine? Kidato cha nne nilifeli yote isipokuwa Kiswahili. Emanueli katekista alikuwa anaitaka kazi hii. Pole yake!

Jumanne, 7 Juni
Nimelikariri lote.

Jua lazama mchana, umande haujatoka,
Dhahabu yetu ya jana, udongo waifunika,
Ulezi wamwita bwana, mvunaji katoweka.

Boke kanifafanulia. Jua ni uhai. Umande ni ujana. Dhahabu ni Ryoba. Nimetikisa kichwa kisomi, nikamwangalia mikono.

Baada ya chakula nimejilaza kidogo. Nikaota niko katika shamba la ulezi la Mama Boke, masuke yanapepea polepole, kila punje inang'aa. Ryoba anapita katikati yake, miguu haigusi chini. Kanitazama, akacheka, akaenda zake.

Nimeamka natokwa jasho. Ryoba alikuwa mchimbaji! Ana dada mwalimu! Kaona mwamba wenye mali shambani kwao, kamnong'oneza dada kabla ya kufa, na dada kauficha ndani ya shairi ili wezi wasijue. Udongo waifunika. Wapi? Penye ulezi. Lini? Mchana, palepale umande unapochelewa kukauka. Na mvunaji katoweka, maana yake hakuna mlinzi. Wasomi wengine wangeishia kwenye huzuni tu.

Jumatano, 8 Juni
Saa sita mchana, watu wamelala, nimeingia shambani na sururu. Pembe ya chini, karibu na mto, kweli umande ulikuwapo. Nimechimba hadi kiunoni. Udongo mwekundu, laini, unanukia mvua. Ulezi unanong'ona juu ya kichwa changu. Nimeona nyumba ya bati, Boke kakaa barazani kavaa kitenge kipya, ananiita baba fulani. Nimesimama ndani ya shimo natabasamu peke yangu, sijui kwa muda gani.

Nimeinua macho. Emanueli! Kaniuliza nafanya nini. Nikasema nachimba choo cha wageni wa matanga. Akauliza, katikati ya ulezi? Nikasema ndiyo, kwa faragha. Akaitikia taratibu mno. Sikupenda alivyoitikia.

Alhamisi, 9 Juni
Rashi! Watu wamevamia kuchimba dhahabu shambani kwa Mama Boke!

Ningejua. Tangu dhahabu ionekane upande ule wa Tarime, huku kwetu shimo jipya ni tangazo. Hakuna anayeuliza. Mtu akiona udongo mbichi juu ya nyasi, anapima hatua zake, anapiga kigingi, anaanza duara lake, shimo la kuchimbia. Nimefika nusu ya kijiji imo ulezini na machepe. Mama mmoja keshatandika mandazi. Emanueli yumo shimoni kwangu, kavaa viatu vya kanisani!

Na walikuwa wanapanda, duara kwa duara, kuelekea zizini. Hapo ndipo alipolala Ryoba. Boke alikuwa kasimama mbele ya kaburi la mdogo wake, kanyoosha mikono, sauti imemkauka. Mama yake katoka nje, mara ya kwanza tangu msiba, kashika ukuta.

Moyo uliniuma. Kwa ajili yao, nasema kweli. Na kwa ajili ya dhahabu yangu inayoondoka kwa machepe ya wengine.

Nikapanda juu ya kifusi. Nikapiga kelele kwa Kikurya kwamba ninyi mura, vijana wote, mmedanganyika, hapa hakuna mali, haya ni maneno ya shairi. Nikawapa maelezo ya Boke yote, moja baada ya jingine. Jua ni uhai. Umande ni ujana wake. Ulezi ni kazi alizoziacha, na shamba linamwita na yeye haitiki. Mimi mwenyewe sikuamini hata moja, ila nilisema vizuri sana.

Machepe yakasimama. Mama Boke akaniuliza, na dhahabu? Nikamwambia dhahabu ni Ryoba. Akamwuliza binti yake kama ndivyo walivyosema siku ile ya mazishi. Boke akamjibu ndiyo, mama, ndivyo. Basi mama akakaa chini, akalia kwa sauti, kilio ambacho hakuwa amekilia tangu mazishi. Mmoja akavua kofia. Kisha wote. Wakaanza kufukia mashimo, mpaka Emanueli.

Nami nililia. Naandika hapa kwa kuwa hakuna anayesoma.

Jumamosi, 11 Juni
Matanga yameisha salama. Mama Boke amekula ugali, akaomba kuongezwa! Wazee wamenisifu. Boke kanipa mkono, kwa ule mwingine kashika kiwiko, kwa heshima. Emanueli katumwa maji.

Jumapili, 12 Juni
Nimetafakari kutwa, nimelala chali, mawingu yanapita. Kijiji kizima sasa kinaamini hakuna kitu shambani mle. Emanueli kahubiri maelezo yangu kanisani, neno kwa neno. Hakuna atakayechimba tena. Hakuna! Mali yote imebaki yangu, na nimeilinda kwa ulimi wangu mwenyewe.

Jioni Boke kapita. Mama yake anasema nimekuwa mtoto wa nyumba, kesho nikavune nao ulezi uliosalia. Nikasema nitafika mapema, na sururu yangu. Kaniuliza ni nani anayevuna ulezi kwa sururu.

Nimemwambia ni taswira.