Mguu Wangu wa Krismasi

Jumatatu, 22 Desemba. Kitui mjini.

Shangazi Kanyiva amepiga simu tena. Anauliza nafika nyumbani Kathonzweni lini. Kwetu Krismasi si kula tu. Kila anayerudi hupewa jembe na mstari wake wa ndengu, na mbuzi hachinjwi mpaka palizi iishe. Mwaka jana binamu yangu Mutisya alimaliza mistari mitatu. Mimi nusu. Shangazi alilitaja jambo hilo kanisani, kwenye maombi.

Lakini kuna Susu, nyanya yangu. Nimepewa jina la marehemu mume wake, Nzomo, kwa hiyo huniita mume wangu. Hana mwingine wa kumwita hivyo. Kwenda sitaki, na kutokwenda kunaniuma.

Jumanne, 23 Desemba.

Nimepata dawa. Nimenunua bandeji, nimefunga mguu wa kushoto, nimetuma picha kwenye grupu ya familia. Nimeandika kwamba niliteleza bafuni na daktari ameniamuru nipumzike wiki mbili. Kazi safi.

Saa nane. Shangazi amejibu. Kwanza ameniombea. Kisha amesema mgonjwa haachwi peke yake Krismasi, na Mutisya anakuja kunichukua kesho na gari lake.

Jumatano, 24 Desemba. Kathonzweni.

Mutisya alinibeba mgongoni kutoka mlangoni hadi garini. Majirani walitazama. Hata hakuhema, mtu yule.

Nyumbani nilipewa kiti uani, nikatazama wenzangu wakipalilia. Nilifurahi sana, nisiseme uongo. Halafu Susu akatoka. Ana miaka themanini na tisa. Akautazama mguu, akanipa fimbo yake, akasema mume wake hawezi kutambaa mbele ya watoto. Nikakataa. Shangazi akanigombeza kwamba mtu hamrudishii mzee alichompa. Fimbo ni moja tu. Susu akarudi ndani akishika ukuta.

Chakula kilikuwa muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, niupendao. Sikumaliza sahani.

Alhamisi, 25 Desemba.

Wote walienda kanisani. Tukabaki Susu na mimi. Nilikuwa nimekaa uani, nikamwona anatoka jikoni na karai la maji moto, aje anikande. Alitembea ameegemea ukuta, hatua kwa hatua. Ukuta ukaisha. Kutoka pale hadi kitini kwangu hapana cha kushika. Akayumba.

Niliruka kwa miguu yote miwili nikamdaka. Maji yakamwagika. Alikuwa mwepesi mno. Sijawahi kuogopa hivyo.

Alipokwisha kukaa akaniambia, polepole, kwamba jana bandeji ilikuwa mguu wa kushoto na leo iko wa kulia. Akasema mume wake wa kwanza naye aliumwa mguu kila palizi. Hakukasirika. Alisema tu kwamba alionyeshwa ile picha kwenye simu ya Shangazi, akaitafuta sura yangu, akaona mguu tu. Yeye alitaka kuona uso.

Nikamrudishia fimbo. Nimelia kidogo, naandika ukweli.

Ijumaa, 26 Desemba.

Nimepalilia mstari mzima. Susu alikaa mwisho wa shamba akininyooshea fimbo kila gugu nililoruka. Shangazi anasema nimepona kwa maombi na Jumapili atatoa ushuhuda. Sikumsahihisha. Mutisya amepalilia mistari minne, lakini leo sijali.

Nimeapa mbele ya Susu. Uongo basi.

Jumamosi, 3 Januari. Kitui mjini.

Susu amepiga kwa simu ya Shangazi. Ameuliza kama mume wake atakuja Pasaka. Nilisema nitakuja, na nilipokuwa nasema nilimaanisha. Kisha Shangazi akachukua simu. Pasaka tunachimba matuta, shamba lote. Mutisya ameshaomba matuta matano.

Bandeji nimeifua, imekauka, nimeikunja vizuri. Safari hii nitaumia mkono, maana mkono hauhitaji fimbo ya mtu. Na kwenye picha nitahakikisha uso unaonekana, Susu afurahi.