Kilomita Saba Juu ya Tuta la Reli

Jumanne, 5 Agosti

Mwezi Juni daktari aliniambia presha imepanda, nitembee kila asubuhi. Nimetii. Kila asubuhi natembea hadi kibanda cha Emily, hatua mia mbili na kumi, nakula chapati mbili, narudi nikihema. Mke wangu Immaculate huniwekea maji ya kuoga. Mwanamke mwema.

Leo kaka yake, Oliver, amefika kutoka Kakamega mjini. Raba nyeupe! Saa ya kuhesabu hatua! Akauliza mbele ya watu wote mimi hufikisha ngapi kwa siku. Nikasema elfu kumi. Immaculate akasema vizuri, Jumamosi familia nzima itatembea, tuone.

Jumatano, 6 Agosti

Ushindi mdogo. Oliver alitaka mlima. Nikapendekeza tuta la reli ya zamani, ile iliyobeba magogo. Vyuma viling'olewa, ikamwagwa changarawe, sasa ni njia ya miguu hadi Mautuma. Kilomita saba. Nikaeleza kwamba garimoshi halipendi milima, na waliojenga walilijua hilo. Hoja ikapita. Hata mama mkwe, Mama Navalayo, miaka sabini na miwili, ametuma habari kwamba atakuja.

Immaculate ameongeza kwamba nikishindwa, tutaenda kwa daktari pamoja, na yeye ndiye atakayejibu maswali. Hili ni baya. Immaculate hasemi uongo.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimepata akili. Barabara inakwenda sambamba na tuta. Kilomita ya pili kuna kalavati. Hapo nitabaki nyuma nikifunga kamba za viatu. Kipruto wa boda atangoja nyuma ya mikaratusi, anishushe karibu na soko. Oliver atanikuta nakunywa chai. Kipruto amekubali bila kuuliza lolote. Kijana mwenye adabu.

Jumamosi, 9 Agosti

Tumeanza saa mbili. Mama Navalayo alikuwa ametangulia mapema, eti miguu yake ni ya polepole. Sisi wengine, Oliver mbele, mikono ikipiga hewa. Kwenye kalavati nikainama kwenye viatu. Wakapotea konani. Nikateremka hadi kwenye mikaratusi. Kipruto yupo. Pikipiki ipo. Juu ya pikipiki, Mama Navalayo, amekaa upande, mkoba mapajani.

Kumbe naye alikuwa amempigia! Kipruto alidhani tumeagizana.

Kwetu mtu na mama mkwe wake hawapeani hata mkono. Kukaa kiti kimoja cha boda, mgongo kwa kifua, ni jambo la kuchinjiwa kondoo wa utakaso. Nikatazama mti. Yeye akatazama mti mwingine.

"Baba Sellah," akauambia mti wake, "hukuniona."

"Mama," nikajibu, "hata mimi hapa sipo."

Kipruto akasema tukibanana tutatosha. Nikarudi nyuma hatua tatu. Wakaondoka.

Nikapanda tena tutani. Kilomita tano! Changarawe ndani ya soksi. Wanawake wenye mizigo ya kuni wakanipita wakinipa pole. Kisha mzee mwenye mkongojo akanipita, yeye bila pole. Nikafika Mautuma saa tano na nusu, wa mwisho. Mama Navalayo alikuwa kivulini na soda, wa kwanza, kanga haina hata vumbi. Oliver alikuwa akiitikisa saa yake. Hakunywa chai.

Nikafungua mdomo. Mama akakohoa. Nikaufunga.

Jumapili, 10 Agosti

Malengelenge manne. Immaculate ameniosha miguu kwa maji ya chumvi. Akakiri kwamba kwa muda mrefu alinishuku, alidhani asubuhi huwa naenda kula chapati. Akaniomba msamaha. Nilisikia uchungu kushukiwa hivyo. Nikamsamehe.

Oliver amerudi mjini bila kuaga vizuri. Mama Navalayo ameleta ingokho, kuku mkubwa, mnono, bila maelezo. Immaculate anashangaa. Mimi nimekula paja.

Jumatatu, 11 Agosti

Immaculate ametangaza kwamba Desemba tutatembea msituni, kule Shinyalu. Kilomita kumi na mbili. Anasema nimeonyesha moyo. Aliyekubali wa kwanza, kabla hata ya mimi kuguna, ni mama yake.

Nimekaa peke yangu nikatafakari kwa makini, kama mtu mzima anavyopaswa. Jumamosi kulikuwa na kosa, na mtu asiyejifunza kutokana na kosa ni mjinga. Kosa lilikuwa moja tu. Nimempigia Kipruto, nimemwambia Desemba aje na mwenzake.