Maji ya Kitukuu

Jumatatu, 6 Mei
Gari la idara ya maji limepita na kipaza sauti. Maji ya bomba yameingiwa na nitrati kutoka mbolea ya mashambani. Watoto wachanga wasipewe. Mjukuu wangu akaja kitandani kwangu na mtoto wake wa miezi miwili, anayekunywa maziwa ya kopo. Akauliza afanyeje, maana mimi ndiye niliyefundisha kemia. Nikamwambia achemshe. Achemshe sana. Nikalala na heshima yangu yote.

Jumanne, 7 Mei
Nimeamka nimekumbuka. Kuchemsha huua vijidudu. Nitrati si kijidudu. Maji hupungua, nitrati hubaki, kama chumvi kwenye mchuzi uliosahaulika jikoni. Tumboni mwa mtoto hugeuka nitriti, damu ikashindwa kubeba hewa, mtoto akawa wa bluu. Nilifundisha haya. Nilitungia hata mtihani.

Nikamwita mjukuu niseme. Akanitangulia: Mfamasia, jirani yetu mstaafu, amepita akionya tusichemshe. Nikasema Mfamasia maisha yake yote amesoma vibandiko vya chupa. Basi, nimejifunga. Naungama hapa tu. Daktari amenipa siku za kuhesabu, na kufa nikiwa nimemkubali yule ni kufa mara mbili.

Jumatano, 8 Mei
Mpango: mtoto asinywe, nami nisiwe nimekosea. Nimevuta birika kwa fimbo hadi chini ya kitanda. Kazi ya asubuhi nzima. Mjukuu akachemshia sufuria.

Alhamisi, 9 Mei
Sufuria nayo iko chini ya kitanda. Nimemsikia mjukuu akimwambia mumewe kwamba Babu ameanza kutaga. Mumewe akasema mwache, asije akahamia kuatamia.

Ijumaa, 10 Mei
Wameazima sufuria kwa jirani. Nimemwaga kitandani chupa nzima ya maji yaliyochemshwa. Wakabadilisha shuka, wakasema pole Babu, hutokea uzeeni. Nikakubali kwamba hutokea.

Jumamosi, 11 Mei
Mtoto kaletwa kunisalimu. Midomo ya bluu. Nikapiga kelele: nimekosea, Mfamasia yuko sahihi, mkimbizeni hospitali. Mjukuu akamfuta midomo kwa kidole. Rangi ya blanketi jipya.

Akanieleza taratibu, kama anayesema na mgonjwa. Tangu Jumanne mtoto hajaonja tone la bomba. Anapewa maji ya chupa anayoyaleta Mfamasia. Nikauliza yale ya kuchemsha basi yalikuwa ya nani. Akasema ni ya chai yako, Babu. Si ulisema yachemshwe sana?

Jumapili, 12 Mei
Mfamasia kaja kunijulia hali. Hakunicheka, jambo lililoniudhi zaidi. Nikamweleza kwamba nilikuwa nawapima wajukuu, na wamefaulu. Mume wa mjukuu akauliza kama chujio la mkaa lingesaidia. Mfamasia akasema mkaa hauondoi nitrati. Ni kweli, hauondoi. Nikasema unaondoa, tena yote. Kijana wa watu amekwenda kulinunua.