Turubai Langu Limekimbiza Kijiji Kizima

Jamani, leo nimejiaibisha mbele ya kijiji chetu chote cha Bihambwe. Mpaka ng'ombe wananiangalia vibaya.

Rafiki yangu Kambale, dereva wa lori, amepata vyombo vya kitesurf. Ni ule mchezo wa kusimama juu ya ubao ziwani huku tiara kubwa inakuvuta kwa upepo. Jumapili anataka kunifundisha kule Sake. Akanitumia sauti kwenye simu: "Kaka, maji njo ya mwisho. Anza na upepo. Jifunze kushika tiara ku inchi kavu, mutu wa pili akushike. Na usijifunge kamba!"

Nilimsikiliza vizuri sana. (Kisha nikajifunga kamba.)

Mke wangu Solange alikuwa na siku tatu haniongeleshi. Ndoa yetu bado mpya, na neno lake la mwisho lilikuwa hili: "Wewe hata mutoni unaogopa kuvuka, njo utatembea juu ya ziwa? Mimi siko mu ile mambo."

Basi leo asubuhi nikapanda peke yangu mpaka malishoni, juu ya kijiji. Tiara sina. Nikachukua turubai lililokuwa nyumba yangu kambini nilipokimbia vita, nikalikaza kwa mianzi, nikalifunga kamba za ng'ombe. Ncha ya kamba, kiunoni. Mtu wa pili alikuwa ng'ombe mmoja mwekundu, na yeye hakuahidi kitu.

Upepo ukaja. Mwanzoni, raha! Turubai likapanda, nikajiona bingwa. Halafu likanivuta. Nikakimbia. Nikaanguka. Likaendelea bila kuniuliza! Nikateremka mlima kwa tumbo, kupitia kila lundo la mavi ya ng'ombe, nikipiga kelele: "Mama! Nakufa!" Na turubai juu yangu linapiga: pa! pa! pa-pa-pa!

Mnajua mlio ule. Huku kwetu hatuulizi ni nini.

Kijiji chote kikashika njia ya chini. Magodoro juu ya vichwa. Mama Zawadi, fundi wa nguo, na cherehani yake. Papa katekista amebeba mlango. Mlango! (Alinieleza baadaye: mara ya mwisho kijiji kilipokimbia, wenye bunduki waliiba mlango tu.)

Mimi nikagonga ua wa malisho, nikabaki pale, uso chini. Ndipo nikasikia miguu. Watu wote wanateremka, mtu mmoja anapanda.

Solange. Ndala moja mguuni, mikono mitupu.

"Sheri wangu! Wamekupiga wapi?" Akanipapasa kifua, mgongo, kichwa. "Damu iko wapi?"

"Hakuna damu. Iko mavi ya ng'ombe."

Akaangalia kamba. Akaangalia turubai.

"Ule mulio... ilikuwa wewe?"

"Ilikuwa turubai."

Akavua ile ndala moja, akanipiga nayo mara mbili. Kisha akaketi palepale kwenye mavi, akanishika shati.

Nikamwuliza, "Watu wote wanashuka, wewe unapanda?"

"Sasa ningeenda wapi?"

(Nililia kidogo. Moshi haukuwepo, kwa hiyo siwezi kusingizia moshi.)

Watu waliporudi, nikasimama mbele yao wote, nimepakwa kama nyumba ya udongo. Papa shefu wa kijiji akauliza taratibu, "Ulitaka kwenda wapi, mutoto yangu?"

"Ku ziwa, Papa."

"Kwa tumbo?"

Hapo hata mama ambaye maharage yake yalikuwa yameungua jikoni alipokimbia akacheka. Nikaomba msamaha kwa kila mtu, nikaenda kumpigilia Papa katekista mlango wake. Nimeupigilia kichwa chini. Amesema niuache hivyohivyo.

Jioni hii Solange amenisugua mgongo kwa maji ya moto. Mwishoni akasema, "Jumapili tunaenda wote. Kamba nitaishika mimi."

Watu wote wamerudi salama, isipokuwa mama mkwe. Yuko kwenye migomba, ametuma ujumbe kwamba hatoki mpaka kijiji kinyamaze kabisa. Kwa hiyo nawaomba, ndugu zangu: mukicheka, muchekee ndani ya shuka.