Mpangaji wa Karakana

Jumatatu, 3 Machi
Siku kubwa. Chama chetu kina vipuri tele vya viti vya magurudumu, hakina pa kufanyia kazi. Chama cha jirani kina karakana na mashine ya kuchomelea, hakina vipuri. Tumekubaliana kuungana. Mwenyekiti wao ni mwalimu mstaafu, tunamwita Mama Nukta kwa sababu husoma mpaka maandishi ya kwenye kiberiti. Mimi, mwenyekiti wetu, nimejitolea kuandika mkataba. Kalamu nikiishika mimi, karakana itakuwa yetu kabla ya sikukuu!

Jumanne, 4 Machi
Binti wa dada yangu, mwanasheria, kanipigia simu. Je, kamati imeidhinisha? Vifaa vitakuwa mali ya nani? Mtu akianguka na kiti tulichotengeneza, nani atajibu? Na tukitaka kuachana? Nikamwambia hata posa haijapelekwa, yeye anaulizia talaka. Akasema, “Mjomba, usisaini kitu sijakiona.” Yaani mtoto niliyembeba mgongoni!

Jumatano, 5 Machi
Nimepata mkataba wa kunakili: ule wa nyumba ninayoishi. Kurasa sita! Nimebadilisha majina tu. Kwenye “mwenye nyumba” nimeweka chama cha Mama Nukta, maana jengo ni lao. “Mpangaji” nimeweka sisi. Kule ni mpangaji wa chumba, huku ni mpangaji wa mipango. Neno zuri. Wajue nani ana akili hapa.

Ijumaa, 7 Machi
Tumesaini. Mama Nukta kasoma kurasa zote, kaniuliza mara mbili kama nina uhakika. Nikasema mimi si mtu wa kurudi nyuma. Hakugusa hata mkato. Nimemweza!

Jumatatu, 10 Machi
Nimetundika kibao: jina letu juu, lao chini, herufi ndogo. Baada ya dakika kumi nikaletewa barua ya Mama Nukta. Kipengele cha tisa: mpangaji hagongi msumari bila idhini. Kibao kimeshuka. Tumebishana mpaka adhuhuri. Mteja wetu wa kwanza, fundi saa mzee, alisubiri nje kwenye kiti chenye gurudumu lililopinda. Aliuliza kwa upole kama kuna chama cha tatu.

Jumanne, 11 Machi
Mpwa kausoma mkataba. Kacheka, halafu akaacha kucheka, jambo lililoniogopesha zaidi. Anasema hakuna ubia wowote hapo. Kuna chumba kimepangishwa. Na kwa kuwa kamati haikuidhinisha, mpangaji ni mimi binafsi.

Alhamisi, 13 Machi
Kamati imekutana. Nilivaa suti, nikidhani ni pongezi. Wameniondoa uenyekiti kwa kura saba kwa moja. Ile moja ni yangu.

Ijumaa, 14 Machi
Vyama vimesaini mkataba mpya, kaandika mpwa. Kiti cha fundi saa kimetengenezwa saa hiyo hiyo. Alipita mbele yangu akipunga mkono, mbio kweli. Nilifurahi, kisha nikakumbuka kununa. Mama Nukta kanifutia vipengele vyote vya mkataba wangu isipokuwa cha kumi na nne: mpangaji akiondoka hupaka rangi kuta.

Jumatatu, 17 Machi
Napaka rangi. Mwenyekiti wa chama cha miwani ya wazee kapita, akaniambia wanataka kuungana na wachangia damu, kama namjua mtu wa mikataba. Nikashuka kwenye ngazi. Nikamwambia nimetoka kwenye ubia wiki iliyopita tu, uzoefu bado wa moto. Shemeji kaniazima mkataba wa kukodi ukumbi wa harusi. Kwenye “bwana harusi” nimeweka miwani, kwenye “bibi harusi” wachangia damu. Kimebaki kipengele cha keki tu.