Rudisheni Kitufe Kwenye Nguzo Yake

Kijiji cha Vaiolesa,
Savai'i, Samoa.

Kwenu Wakubwa Mnaobadilisha Sura za Kompyuta,

Pokeeni salamu, na masikitiko juu yake. Mimi ni Talosaga, fundi mkuu wa kompyuta kijijini hapa. Ni kweli kompyuta ni moja, lakini ukuu ni ukuu. Nimesoma mpaka kidato cha pili. Cha tatu nilikichungulia dirishani.

Kazi yangu ni kuwafungulia wazee wa baraza kumbukumbu za mikutano. Tangu niipate, shamba la magimbi nalisikia tu. Basi Jumanne kompyuta ikajizima, ikajiwasha, ikarudi na sura ya mgeni. Malalamiko ni haya:

1. Mmehamisha kitufe cha kuanzia. Katika nyumba yetu ya baraza kila mzee ana nguzo yake ya kuegemea, wala hakai kwingine. Ndivyo nilivyowafundisha: kitufe kiko nguzo ya kona, kushoto, kama mjomba wangu Tuialo. Ninyi mmekileta katikati, ambako kwetu hakai mtu, hupita tu mgawaji wa kava, kinywaji cha baraza. Mlimuuliza nani?

2. Pale konani mmeweka habari za hali ya hewa. Mjomba alitaka kumbukumbu za mpaka wa shamba. Nikabonyeza kona kwa madaha, ikatokea mvua. Akasema, "Wee Talosaga, mvua tunaiona. Nyumba haina kuta." Baraza zima likacheka, hata mchungaji, ambaye hacheki.

3. Nikabonyeza kulia kwa kipanya, kunusuru heshima. Neno "nakili" hakuna! Kuna vijipicha. Mzee mmoja akauliza, "Hiyo mikeka miwili iliyolaliana ni ya harusi ya nani?"

4. Kwa sababu yenu mjomba ametangaza: "Jumatatu, panga mkononi, shambani. Magimbi hayahami."

Kwa hiyo naomba kwa heshima zote kitufe kirudi kabla ya Jumatatu. Pia mkurugenzi wenu aje aombe radhi kwa desturi yetu: akae chini mbele ya nyumba alfajiri, kajifunika mkeka laini kichwani, mpaka baraza limhurumie. Asiogope, tutamfunua kabla jua halijawa kali. Labda. Ila aje na sura yake ileile, tumtambue.

Wasalimieni wote kazini, hasa aliyekihamisha kitufe; mwambieni namtaja kila saa.

Ni mimi niliyeng'olewa nguzoni,
Talosaga, Fundi Mkuu.

Nyongeza: Msirudishe kitu! Leo Jumapili, baada ya ibada, nimeuzoea mpangilio mpya wote. Wazee bado wanabonyeza kona, wanapata mvua. Ule wa zamani mjomba alishaanza kuutumia mwenyewe, nami nikaanza kuonekana sina kazi. Sasa anasema, "Huyu asiende shamba, tutapotea." Mkurugenzi abaki kwao, mkeka tumeukunja. Ila mwezi wa kupalilia ukikaribia, hamisheni tena. Mnidokeze mimi tu kwanza.